Kovu la Mkono Wako na la Mguu Wangu

Mwanangu Minza,

Barua huanza kwa kuulizana afya, lakini wewe nimekuona asubuhi ukimaliza viazi vitamu vyote bila hata kuniuliza kama nimekula, kwa hiyo najua u mzima. Mimi pia ni mzima. Salamu zimekwisha.

Sasa hivi ni saa nane mchana. Umekwenda sokoni kusukwa, na yule msusi wako ana mdomo kuliko vidole, kwa hiyo sikutegemei mapema. Nimefunga genge. Majirani wameshangaa, Mama Minza kafunga genge siku ya gulio? Nimewaambia kichwa kinauma. Nimekaa kwenye kitanda chako na daftari lako la zamani la Baiolojia, maana mwishoni lina kurasa nyingi tupu na mimi sipendi kupoteza karatasi. Kesho asubuhi unapanda basi la Mwanza kwenda chuo cha uuguzi. Nitaiweka barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa pochi yako. Isome mkishapita Shinyanga mjini, wakati huwezi tena kushuka na kurudi Kahama kunigombeza.

Mambo ya chandarua, ndoo, kufuli na wanaume wenye maneno matamu, shangazi yako alikuhutubia juzi mpaka ukasinzia. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kovu la mkono wako.

Jumatatu ulikuwa unajaribu sare mbele ya kioo. Ile fomu ya chuo inasema mikono iwe mifupi, iishie juu ya kiwiko. Ukasimama pale, ukaushika mkono wako wa kushoto kwa ule wa kulia, kama unavyofanya tangu utotoni ukidhani sikuoni. Halafu ukasema taratibu, "Mama, labda ningechukua uhasibu tu." Ukaniuliza, "Kwani siku ile niliungua sana?" Nikakujibu, "Sana, mwanangu. Tumshukuru Mungu." Nikaenda jikoni kukoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Nilikudanganya. Hukuungua sana.

Nikae vizuri nikuambie ilivyokuwa. Ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa amesikia kuna rashi, dhahabu imetoka huko porini kwa watu, naye akaondoka na sururu yake pamoja na blanketi letu moja zuri. Blanketi ndilo lililoniuma zaidi. Nikabaki na wewe karibu na Katoro, nikifanya kazi mwaloni, kule kwenye mashine za kusaga mawe na mabwawa ya tope. Sisi wanawake tulikuwa tunaosha marudio, yaani mchanga ambao wenyewe wameshauosha, wamechukua chao, wakautupa. Ukiwa na subira, marudio nayo yanatoa kitu. Mimi subira nilikuwa nayo.

Siku hiyo karai langu lilionyesha mstari wa njano. Mwembamba sana, lakini upo. Wewe hujawahi kuosha mchanga, huwezi kujua moyo unavyofanya. Niliinama nikasahau dunia. Nilipoinua kichwa nilikusikia unalia, ulikuwa umeegemeza mkono kwenye bomba la moshi la injini ya karasha. Karasha ni ile mashine ya kusagia mawe, na bomba lake likiwaka mchana kutwa unaweza kukaangia yai. Nikakudaka, nikakumwagia maji. Ile njano kwenye karai sijui iliishia wapi, sikuiuliza tena.

Jeraha lilikuwa dogo. Lilienea kiganja chako cha wakati ule, na kiganja chako kilikuwa kidogo kama chapati ya mtoto. Yalitoka malengelenge, yakapasuka, ngozi ikachunika. Mama mmoja mtu mzima, tuliyekuwa tunaosha naye, alilitazama akasema, "Hili mbona dogo. Lisafishe, lifunike kitambaa kisafi, liache. Litapona." Nilimwona mvivu.

Hapa ndipo penye kosa langu, na ni kosa ambalo angelifanya mwosha dhahabu tu. Kazi yetu ilinifundisha kwamba kinachotoka kwa kuoshwa ni uchafu, na kinachobaki ndicho chenye thamani. Ukiona tope, osha. Ukiona bado, osha tena. Asiyerudia kuosha ni mzembe, na mzembe hulala njaa. Basi nikaliosha jeraha lako kama marudio. Kila asubuhi nilichemsha maji ya chumvi, nikachukua kipande cha gunia gumu, nikabandua gamba lililofunga usiku, nikasugua ile njano yote mpaka chini patoke pekundu. Nikiona damu nasema haya, sasa pamekuwa safi. Kesho yake gamba limefunga tena, nami nabandua tena. Wenzangu walinisifu. "Mama Minza mkono wake msafi!" Nami nikavimba kichwa.

Wewe ulikuwa huniiti Mama kama siku hizi. Uliniita Mayu, Kisukuma chetu, kama mimi nilivyomwita bibi yako wa Kishapu. Ulikuwa unalia kidogo tu, kisha unasema, "Mayu, basi." Nami nakujibu, "Bado." Kila asubuhi. "Mayu, basi." "Bado." Mvua za vuli zikaanza zikapita, bado nasugua. Jeraha la wiki tatu nililifanya la miezi minne.

Na nikuambie ukweli mzima, maana nusu ya ukweli umeshakula miaka yote. Sikuwa naosha jeraha peke yake. Nilikuwa najiosha mimi. Nilijua kwamba ningekuwa nakutazama wewe badala ya karai, usingeungua. Nilitaka ile alama itoke kabisa, watu wasije kuniuliza mtoto kafanyaje, mama alikuwa wapi. Nilisugua aibu yangu kwenye mkono wa mtoto. Ee Mungu wangu, hata kuandika hivi kalamu inakuwa nzito.

Ndipo likafunga hivyo unavyolijua, nene, limetuna, linawasha jua likiwa kali, limeenea hadi pale ambapo moto haukufika.

Nakumbuka mwaka ule ulipokuwa kidato cha pili, mwezi wa kumi, joto la Kahama mpaka kuku wanahema, na wewe umevaa sweta. Mwalimu akakuambia vua, ukakataa, akakutoa darasani. Ukarudi nyumbani ukaniambia, "Nimefukuzwa kwa ajili ya jua." Nilicheka. Kisha nikaingia ndani nikalia, na wewe ukadhani nalia kwa hasira na mwalimu. Ulinibembeleza, Minza. Wewe ndiye uliyenibembeleza mimi.

Sasa nije kwenye mguu wangu. Unakumbuka mwaka juzi upepo ulipong'oa bati la genge likanichana chini ya goti. Wewe ulikuwa bweni. Zahanati walinishona, na kila baada ya siku chache nikawa naenda kufungwa kidonda kwa Nesi Leokadia, yule mama mfupi, mkali, anayevaa miwani kwenye ncha ya pua. Akaniambia, usifungue mpaka nikuone. Mimi nilivumilia siku mbili. Ya tatu nikaona kitambaa kimelowa unjano kidogo, mkono ukaniwasha. Nikachemsha maji ya chumvi.

Nilipokwenda zahanati alifungua, akatazama, akavua miwani. "Nani kakwangua hapa?"

"Nimesafisha tu, Nesi."

"Umesafisha? Umefukuza mafundi!"

Nikamwambia njano ile ni uchafu. Akavuta stuli, akakaa, na mgonjwa aliyekuwa anafuata akaambiwa asubiri. Nitakuandikia alivyosema kwa namna nilivyoelewa mimi wa darasa la saba. Wewe huko utafundishwa kwa majina yake marefu, na ukiona nimekosea, cheka, lakini cheka kwa adabu.

Alisema ngozi ikichanika au ikiungua, damu inaita seli zake nyeupe. Wanaofika kwanza ni wapiganaji, kazi yao ni kuua vijidudu, na wengi wanafia hapo hapo. Wakifuata wengine, hao ni wakubwa zaidi, wanakula maiti za wenzao na takataka zote. Mimi nikamkatiza, "Kumbe kuna waoshaji humo ndani?" Akasema, "Wapo, tena wanaosha kuliko wewe." Hawa wasafishaji wakishaona vita imekwisha, wanabadilika tabia. Wanaacha ukali, wanatuliza wenzao, wanapeleka habari kwa seli za kufuma, zije zifume ngozi mpya, uzi kwa uzi. Ndiyo maana yale majimaji ya kwenye kidonda si uchafu wote. Humo ndimo walimo.

Nikamuuliza, "Na mtu akikwangua kila siku?"

Akasema, "Kila ukikwangua ni kidonda kipya. Vita inaanza upya. Wale wakali hawaondoki, wasafishaji hawapati nafasi ya kutulia, na wafumaji wanaendelea kupigiwa kelele fuma, fuma, fuma. Wanafuma kwa fujo, nyuzi juu ya nyuzi. Ndipo unapata kovu lililotuna."

Minza, nilikaa pale mguu uko wazi, sikusikia hata maumivu ya dawa. Nilikuwa nasikia sauti moja tu. Mayu, basi.

Nesi aliona uso wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia yote. Nilidhani atanifukuza. Akarudisha miwani puani, akasema kwamba kuosha si kosa, kidonda kinaoshwa, kwa maji safi na kwa upole, na kikinuka au kikavimba na homa ikapanda, mtu asikae nyumbani. Akasema pia kwamba kuna watu ngozi zao hutuna makovu hata wakiuguzwa vizuri, sisi weusi zaidi, na kwamba hakuna anayeweza kuniapia kuwa ningeacha kukwangua kovu lisingekuwepo. "Lakini lingekuwa dogo?" nikamuuliza. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Nadhani lingekuwa dogo," akasema.

Mguu wangu niliuacha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuponda mawe, kukaa na mkono wangu mwenyewe bila kugusa! Nilikuwa naukalia mkono. Ulipokuja likizo nilikuwa nimepona, kovu lenyewe mstari mwembamba tu, mpaka ulitafute. Ukaliona siku moja nikiosha mguu uani, ukasema, "Mbona lako halikutuna?" Nikakujibu, "Ngozi ya mtu mzima hiyo." Uongo wa pili.

Tangu siku hiyo navaa vitenge virefu mpaka kifundoni. Umenitania mara ngapi, eti nimekuwa mama mchungaji? Sikuwa na ulokole wowote. Wewe ulikuwa unaficha mkono wenye kovu, na mimi nilikuwa naficha mguu usio na kovu, humu humu ndani ya vyumba viwili. Niliogopa kwamba ukiutazama vizuri utajumlisha mbili na mbili.

Kwa nini nakuambia leo? Kwanza kwa ubinafsi. Unakwenda mahali ambapo siku moja mwalimu ataandika ubaoni jinsi kidonda kinavyopona. Utakaa pale na kalamu yako, utafika kwenye wale wakali wasioondoka, kisha utautazama mkono wako. Wewe una akili, hutahitaji dakika mbili. Sikutaka ulijue hilo kwa mtu mwingine, katikati ya darasa la wageni, mama yako akiwa huku mtaani kwetu Nyasubi anauza nyanya kama vile hakufanya neno. Kama ni kunichukia, unichukie kwa maneno yangu mwenyewe.

Pili, sitaki uende ukaache uuguzi kwa sababu ya kitu nilichokifanya mimi. Ukiupenda uhasibu, kasome uhasibu, nitauza nyanya hizo hizo. Lakini mimi ndiye niliyekuona ukiwa na miaka sita unawafunga mbwa wa watu vitambaa. Nilikuona mwaka jana, mtoto wa jirani alipomwagikiwa chai, ulivyomwagilia maji ya bomba taratibu huku unamwimbia, ukamkataza mama yake kupaka dawa ya meno. Hukusugua. Nilisimama mlangoni nikaona aibu na furaha kwa pamoja, sikujua ipi niifuate.

Hasira ikikujia, iache ije. Nesi alisema wale wakali lazima waje kwanza, bila wao mtu anaoza. Usiizuie kwa sababu ni mama. Nigombeze kwa simu, usinipigie wiki nzima ukitaka, nitakuwa nimeelewa. Ninachokijua kwa hasara yangu ni kwamba baba yako alipoondoka, mimi kila asubuhi nilikuwa naianza hasira upya, na sururu yake, na blanketi letu, mpaka miaka ikaisha na yeye hata hakuwa na habari. Aliyechubuka ni mimi, na wewe uliyekuwa mkononi mwangu.

Tena kuna habari njema, nayo nimeipata kwa Nesi huyo huyo maana sikuacha kumsumbua. Kovu si kitu kilichokufa. Anasema huko ndani bado seli zinavunja nyuzi na kuzipanga, polepole, na makovu mengine hulainika. Kuna plasta laini za kubandika, kuna sindano ambazo daktari wa ngozi huchoma humo humo kwenye kovu ili kuwatuliza wafumaji, na kuna wasomi wanatafuta jinsi ya kuwaambia wale wakali waondoke mapema, tangu kidonda kikiwa kibichi. Uliza huko hospitali kubwa. Na usipoweza kulilainisha, au usipotaka, utakuwa nesi mwenye mkono ambao mama yeyote kutoka mwaloni akiuona atakusikiliza. Huyo mama yupo, Minza. Leo hii, sasa hivi, kuna mmoja amechemsha maji ya chumvi na anajiona mwema. Usimgombeze sana. Mvutie stuli.

Sasa sare. Uliniomba nimwambie fundi aongeze mikono, ufiche, halafu chuoni ukajieleze mwenyewe. Nikuambie nilichotaka kufanya? Nilitaka niikate mifupi mikono ya sare zote nne bila kukuuliza, uamke huko Mwanza huna pa kujificha, na nijisifu kwamba nimekupa ujasiri. Mkasi nilikuwa nimeshaushika. Halafu nikaona mkono wangu ulivyo na haraka, nikaujua. Ni ule ule.

Kwa hiyo fundi ameweka mikono mirefu kama ulivyotaka. Mimi nimeipandisha juu ya kiwiko kwa mkono wangu, kwa uzi mweupe, mishono mikubwa ya kulegea. Ukiacha ilivyo, ni mifupi. Ukivuta uzi, inashuka. Sitakuuliza umefanya lipi, na nikija kukutembelea sitautazama mkono wako kabla ya uso. Kuhusu mimi, kesho stendi nitavaa lile gauni langu la bluu linaloishia magotini. Utakuwa umeshaliona ukifika hapa kwenye barua, na utakuwa umenicheka.

Nasikia sauti yako kwenye kona ya duka, unabishana na mtu kuhusu bei ya rasta. Nimalizie haraka.

Mwanangu, ng'wanone, asubuhi zile zote mwaloni uliniambia neno moja, na mimi nikakujibu lingine. Imenichukua miaka kumi na mitano kukusikia. Nimekusikia sasa. Basi, mwanangu. Basi.

Mimi,
Mayu wako